Muulize Bwana Miti: Mbona mikulo haina watoto?

SWALI: Bwana Miti, shikamoo. Ninaishi katika kijiji kinachopakana na msitu wa Magamba, wilayani Lushoto. Marehemu babu yangu alikuwa mpasua mbao, na alikuwa akitusimulia kwamba zamani mkulo ulipatikana karibu katika kila bonde la msitu huu. Siku hizi ninachokiona ni visiki vipana vya kutosha watu sita kukaa na kula, pamoja na mikulo michache mikubwa ambayo mingi ina pango ndani, kiasi kwamba ukiigonga kwa ubapa wa panga inalia kama ngoma. Mkulo mdogo sijauona kwa muda mrefu. Msitu unalindwa na hatuingii na msumeno, sasa mbona miti hairudi? Je, kuna ugonjwa unaoiua? Wazee wengine hapa wanasema mti wenyewe umechoka.
Msomaji, Lushoto

JIBU: Marahaba. Nimelipenda swali lako kwa sababu umeeleza ulichokiona kabla ya kutaja unachokishuku, jambo ambalo hata sisi tuliosomea misitu husahau kulifanya.

Kwa wasomaji wasioujua, mkulo ni ule mti ambao Wachaga huuita mseri, Wakikuyu huuita muthaiti, na wauza mbao wengi huuita kamfa kwa ajili ya harufu yake. Harufu hiyo inafanana na ya kafuri tunayoitumia kuwatayarisha maiti, ingawa kafuri ya asili hutokana na mti mwingine wa Asia ya Mashariki. Miti hiyo miwili ni ya ukoo mmoja, pamoja na mdalasini na mparachichi, na naomba uukumbuke huo mparachichi kwa kuwa tutauhitaji tukifika kwenye habari ya mbegu. Jina la kisayansi la mkulo, Ocotea usambarensis, limetokana na milima yenu, lakini mti wenyewe umeenea pia Pare, Kilimanjaro, Uluguru na Udzungwa, na nchini Kenya katika Mlima Kenya na safu ya Aberdare, hasa pande zinazopokea mvua nyingi na ukungu, kati ya mita 1,600 na 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari.

Nianze na pango, maana ndilo lililokufanya ufikirie ugonjwa. Ni kweli kwamba kiini cha mkulo mzee huozeshwa na kuvu, na mti unabaki kama pipa lililosimama. Hata hivyo, kiini cha mti ni sehemu iliyokwisha kufa zamani, na uhai wote uko katika tabaka jembamba lililo chini ya gome pamoja na mbao changa zilizo karibu nalo. Mkulo wenye pango unaweza kuendelea kuishi na kuzaa kwa miaka mingi sana. Jambo la pili ambalo watu wengi hawaliangalii ni hili: kabla ya kuuangusha mti, mpasua mbao huugonga shina kama ulivyougonga wewe, na ukilia kama ngoma anauacha na kwenda kwenye mwingine, kwa kuwa hana haja ya kuchimba shimo la kupasulia mbao na kukesha na msumeno kwa ajili ya gogo lisilo na mbao ndani yake. Bila shaka babu yako alifanya hivyohivyo. Kwa hiyo mikulo unayoiona leo haiwezi kuchukuliwa kuwa mfano wa jinsi mikulo ilivyokuwa, maana ni ile iliyokataliwa na msumeno kwa miaka mia moja. Ukiyaona mapango mengi, usihesabu kwamba ugonjwa umeongezeka. Hesabu kwamba mizima imekwisha kuondoka.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, ambalo mimi ningeligeuza kidogo. Badala ya kuuliza kinachoiua mikulo mikubwa, tuulize kwa nini hakuna midogo. Fikiria kijiji ambacho watu wake wote wana umri wa miaka sabini kwenda juu. Hakuna tauni, hakuna njaa, wazee wana afya ya kuridhisha, lakini kila mtu anajua kijiji hicho kitakuwa na hali gani baada ya miaka ishirini. Hali ya mti wa msituni hupimwa kwa namna hiyo. Katika msitu wenye afya, miche huwa mingi mno, fito huwa chache kuliko miche, na miti mikubwa huwa michache kuliko fito. Wewe mwenyewe unaweza kupima ukipata kibali cha mhifadhi wa hapo: vuta kamba ya mita 50, tembea nayo ukiangalia mita tano kila upande, na uandike kila mkulo unaoukuta katika mojawapo ya safu tatu, yaani ulio chini ya goti, ulio mwembamba kuliko paja lako, na ulio mkubwa zaidi ya hapo. Rudia mara kumi katika sehemu mbalimbali. Safu ya katikati ikiwa tupu, mti unapungua, hata kama hakuna hata mmoja uliokufa mwaka huu.

Safu hiyo ya katikati inakuwa tupu kwa sababu zinazofuatana, kila moja ikiikuta hali iliyoachwa na iliyotangulia. Ya kwanza ni mbegu. Mkulo hauzai sana kila mwaka, na mavuno makubwa huja takriban mara moja katika miaka kumi. Hata mwaka huo ukifika, matunda mengi huharibiwa na wadudu wanaoyafanya yaote vivimbe kabla hayajaiva, na ukilipasua tunda la namna hiyo hukuti mbegu. Yanayosalimika yanagombewa na ndege na kima. Yale machache yanayofika chini yana tabia ya kokwa la parachichi: hayavumilii kukauka. Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu nilipokuwa mgeni kazini nilikusanya debe zima la matunda ya mkulo, nikayaanika juani kwa siku nne kama tulivyozoea kufanya kwa mbegu za misindano, halafu nikazisia kitaluni mbegu nilizozitoa na kuzimwagilia kwa miezi mitatu. Haikuota hata moja. Nilipovunja chache kwa ukucha, ndani zilikuwa za rangi ya kahawia na zimejikunja. Msituni jua hufanya kazi ileile mahali ambapo paa la majani limetobolewa na udongo umeachwa wazi.

Kwa bahati nzuri mkulo umejaliwa njia nyingine ya kuzaa, nayo ni machipukizi ya mizizi. Mti ukianguka au ukikatwa, mizizi yake inayotambaa karibu na uso wa ardhi huweza kutoa machipukizi, mengine mbali kabisa na kisiki, na yakipata mwanga hukua vizuri kuliko miche ya mbegu kwa kuwa yananyonya kutoka kwenye mizizi ya mzazi. Mabwana misitu wa enzi za Tanganyika waliijua siri hii, na mahali walipovuna mikulo walikuwa wakifyeka vichaka, wakipunguza machipukizi yaliyosongamana na kuyaangalia kwa miaka. Utaona basi kwamba msumeno peke yake hautoshi kuumaliza mkulo. Kwa tabia yake, mti huu ungeweza kukatwa na kurudi.

Kinachouzuia ni namna ukataji ulivyofanyika na kilichofuata baadaye. Mpasua mbao wa kificho hachagui eneo na kulihudumia. Anachukua mti mmoja hapa, wa pili kule, anaacha shimo lake likiwa limekanyagwa mpaka udongo umekuwa mgumu kama sakafu, na hana sababu ya kurudi kufyeka. Uwazi ulioachwa hauchukuliwi na mkulo, bali na miti inayokua mbio kama Macaranga, ile yenye majani mapana, pamoja na vichaka na mitambaazi inayofunika kila kitu ndani ya misimu miwili au mitatu ya mvua. Chipukizi la mkulo lililo chini yake huishi kwa shida, likiwa na kimo cha mtu kwa miaka mingi, hadi siku linapokatwa fimbo au kuliwa na ng'ombe walioingizwa msituni wakati wa kiangazi. Na kama mikulo yote ya bonde iliondolewa zamani na mizizi yake ikaoza, hakuna tena mahali pa kuchipukia, na bonde hilo linategemea mbegu, yaani ile njia dhaifu niliyoieleza hapo juu.

Tena kuna suala la muda, ambalo ndilo linalotudanganya kuliko yote. Mkulo unaotokana na chipukizi na kutunzwa vizuri huhitaji miaka 60 au 70 kufikia kipenyo cha nusu mita hivi. Chipukizi lililotokeza mwaka wa Uhuru, 1961, ndiyo kwanza linakaribia ukubwa huo. Mtu akikuambia kwamba msitu umelindwa kwa miaka kumi na tano na bado hakuna mikulo, mjibu kwamba miaka kumi na tano kwa mkulo ni utoto, na ukosefu tunaouona leo katika safu ya katikati ni deni la ukataji wa zamani za babu yako na za baba yake. Milima yenu ilianza kuvunwa kwa mashine tangu wakati wa Wajerumani, ambao kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walijenga waya wa kuteremshia mbao kutoka Shume hadi Mkumbara, karibu na reli ya Tanga. Waya ule ulijengwa hasa kwa ajili ya miangati, lakini biashara ikishapata njia haiwi ya mti mmoja.

Nimebakiza kauli ya wazee kwamba mti umechoka, na sitaki kuidharau. Hata mahali ambapo msumeno haukufika sana, miche ya mkulo si mingi kama mtu angetarajia. Mimi siufikirii kuwa uchovu. Nadhani mti unaoishi muda mrefu kiasi hiki hauhitaji kupata watoto kila muongo. Unaweza kusubiri maporomoko ya ardhi, au kuanguka kwa jitu lililo jirani, ili machipukizi yake yapate mwanga kwa mara moja. Subira hiyo ilikuwa na faida wakati wazazi walikuwa wengi na wenye uhai mrefu mbele yao. Wazazi wakishakatwa, inakuwa hasara. Kwa hiyo jibu langu fupi ni kwamba sioni katika maelezo yako dalili ya ugonjwa mpya. Ungeniambia majani ya juu yanakauka ghafla kwenye miti ya umri wote, au gome linatoa utomvu mweusi, ningekuomba umwite mtaalamu wa kituo cha utafiti wa misitu kilichopo hapohapo Lushoto leo kabla ya kesho.

SWALI: Kwako Bwana Miti. Huku kwetu muthaiti umeisha na lawama wanatupiwa ndovu, ati ndio wanaovunja miti michanga. Wengine wanasema ni wezi wa mbao. Lakini serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti ya kiasili tangu 1986. Ni nani wa kulaumiwa?
Msomaji, Nyeri

JIBU: Marufuku ya 1986 ni ya kweli, na vilevile ni kweli kwamba mwaka 1999, miaka kumi na mitatu baadaye, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilipoukagua msitu wa Mlima Kenya kwa ndege, lilihesabu zaidi ya mikulo 6,700 iliyokatwa. Kumbuka kwamba hiyo ni ile iliyoonekana kutoka juu. Amri huzuia leseni, haizuii hamu ya mnunuzi, na mbao adimu hupanda bei kwa sababu hiyohiyo ya kuwa adimu. Ukaguzi ule ulisaidia sana, kwani mwaka uliofuata msitu huo uliwekwa chini ya shirika hilo.

Ndovu nao wana sehemu yao. Wanavunja fito, wanabandua magome, na wanakanyaga machipukizi wanapopita njia zao za kila siku. Ukitaka kujua nani alimaliza mti mchanga, inama uutazame: panga huacha mkato laini ulioinama, karibu na ardhi, ilhali ndovu huacha shina lililopasuka kwa nyuzinyuzi, mara nyingi kwenye kimo cha kifua au cha kichwa, gome likiwa limevutwa kuelekea chini kama ganda la muwa. Lakini ndovu na mkulo wameishi pamoja tangu zamani zisizojulikana, na muthaiti haukuisha. Kilichobadilika ni kwamba ndovu aliyekuwa akishuka nyikani na kupanda tena kwa majira sasa amezungukwa na mashamba na nyua, anakaa mahali pamoja mwaka mzima, na anakuta fito kumi ambapo zamani angekuta mia tano. Akivunja tano, ni nusu ya kizazi. Mimi ningemweka ndovu mwishoni mwa orodha ya washitakiwa, ingawa katika eneo fulani, penye machipukizi machache yaliyobaki, kuyazungushia uzio kwa miaka kadhaa kunaweza kuwa ndiyo hatua ya kwanza ya kuchukua.

SWALI: Bwana Miti, sisi wa Kilimanjaro tunaona barafu inayeyuka na moto kichaa unawaka mlimani karibu kila kiangazi. Je, si tabianchi inayomaliza miseri?
Msomaji, Moshi Vijijini

JIBU: Tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa. Moto unaouona usiku kutoka mjini, kama ule wa Oktoba 2020, huwaka zaidi katika ukanda wa vichaka na misitu ya erika, juu ya ukanda wa mseri. Mseri wenyewe huwa katika unyevu mkubwa na ni mara chache moto kuushukia. Hata hivyo madhara yapo, ila yanapita njia ndefu. Andreas Hemp, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Bayreuth aliyeushughulikia mlima huo kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba moto umekuwa ukiusukuma mpaka wa juu wa msitu kuelekea chini, na kwamba kwa maji ya mlima hasara hiyo ni kubwa kuliko ya kupungua kwa barafu, kwa kuwa matawi yaliyojaa ndevu za kuvumwani huchuja ukungu na kuugeuza matone. Ukungu ukipungua, mti wa ukungu hauwezi kufurahi.

Lakini visiki vya miseri vilivyoko upande wa kusini havikusababishwa na tabianchi. Agizo la rais la kuzuia uvunaji wa miti ya asili Kilimanjaro lilitolewa mwaka 1984, na bado ukaguzi wa angani wa mwaka 2001 uliukuta mseri ukikatwa kwa wingi, hadi msitu ulipoingizwa katika hifadhi ya taifa mwaka 2005. Nionavyo mimi, tabianchi ni mzigo unaoongezwa juu ya mgonjwa. Nina wasiwasi pia kwamba imekuwa kisingizio kizuri, maana haina jina, haina gari la mbao, na haiwezi kufikishwa mahakamani.

SWALI: Nina shamba la chai lenye kijito na kipande cha msitu. Naweza kupanda mikulo? Mbegu nazipata wapi?
Msomaji, Njombe

JIBU: Unaweza, mradi uwe mahali pa baridi na mvua nyingi, na usiipande juani kabisa kama unavyopanda mikaratusi, iweke chini ya kivuli chepesi cha miti iliyopo, halafu punguza kivuli hicho kidogokidogo miche inapozidi kimo chako. Kama kuna mkulo katika kipande chako, anza kwa kutafuta machipukizi katika duara la mita kumi kutoka kwenye shina, ufyeke yanayoyasonga na uyaache yakue hapohapo, kwa kuwa ukiyang'oa huyapati na mzizi wa kutosha. Kuhusu mbegu, zungumza na ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu iliyo karibu nawe ili wakujulishe mikulo ya eneo lako itakapozaa. Ukiyapata matunda, yachovye majini, uyatupe yanayoelea na yenye vivimbe, uyavue nyama yake, na uzisie mbegu siku hiyohiyo au kesho yake kwenye udongo wa msituni wenye unyevu. Miche huanza kuonekana baada ya mwezi mmoja hadi mwezi na nusu, nusu ya mbegu au zaidi inaweza isiote kabisa, na kwenye jua usizianike hata kwa saa moja.